Meza ya Fundi: Paneli ya mwalimu, mayai ya mama, na simu zangu 18

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kitu kimoja cha umeme mlichonunua mkajuta, na mtaje bei bila aibu. Barua zimejaa mpaka sina pa kuweka kikombe cha chai. Nimejibu hizi chache. Majina nimeyaacha, maana wawili kati yenu mmekiri kwamba nyumbani mlitaja nusu ya bei mliyolipa, na mimi sitaki kuvunja ndoa ya mtu kwa sababu ya inveta.

Kwa wasionijua: kibanda changu kiko Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nilianza na redio, nikaja kwenye kaseti, nikazibeba sana tivii za chogo mpaka mgongo ukalalamika, na sasa ni simu na sola. Juu ya meza yangu kuna mzani mdogo wa jikoni, futikamba na kipimajoto cha homa. Mteja mgeni huwa anadhani nauza vitumbua na kutibu watoto. Ukisoma mpaka chini utaona kila kimoja kina kazi yake.

*"Shikamoo fundi. Nilinunua pawabenki imeandikwa 50,000 mAh, shilingi 25,000, kwa kijana aliyepanda basi Makambako. Haijazi simu yangu hata mara moja. Nibadilishe waya?"*
Bodaboda, Uyole

Marahaba. Waya hauna kosa. Uliponiachia hiyo pawabenki niliiweka kwenye mzani: gramu 190. Sasa tupige hesabu kama tunapima nyanya. Ndani ya pawabenki nyingi za aina hiyo kuna betri za duara, zinafanana na za tochi ila zimenenepa kidogo. Moja ina gramu kama 45, na ile bora kabisa haizidi sana 3,500 mAh. Ukitaka 50,000 unahitaji betri 14 au 15. Hizo peke yake zimeshapita nusu kilo, bila ganda. Yako ni gramu 190 pamoja na ganda lake na maneno yake.

Nikaifungua. Betri mbili, na pembeni kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Chuma! Yaani aliyeitengeneza anajua tunapima kwa kiganja, akatuwekea uzito wa kiganja.

Siku ukipata ya kweli ya 20,000, nayo usiitegemee kupita kiasi. Ile namba inahesabiwa kwa volti za betri ya ndani, kama 3.7, wakati umeme unatoka kwa volti 5 na mwingine unapotea njiani kama joto. Simu yenye betri ya 5,000 itaijaza mara tatu hivi, si nne. Chuma chako nimekibakiza, nazuia nacho barua zenu upepo wa jioni unapovuma.

*"Ndugu fundi, ni mwalimu wa shule ya msingi, juu kidogo ya Tukuyu. Nilichukua mkopo nikanunua seti ya sola kwa 680,000: paneli imeandikwa 300W, betri ampea 200, inveta 3000W. Niliambiwa itabeba tivii, taa nne na pasi. Sasa ikifika saa mbili na nusu usiku inveta inalia piii, giza. Muuzaji anasema ni mawingu ya Rungwe. Mke wangu anasema ni mimi. Mkosaji ni nani?"*
Mwalimu, Rungwe

Ugonile, mwalimu. Wakosaji ni wengi na wewe umo, ila si kwa ukubwa anaosema mama.

Nilimpigia nikamwomba anipimie vitu viwili: urefu na upana wa paneli, na uzito wa betri. Akaazima mzani wa mahindi kwa jirani, na jioni akanitumia majibu yamepigiwa mstari kwa rula. Walimu ni watu wa ajabu.

Paneli ni sentimita 100 kwa 67. Hiyo ni theluthi mbili ya mita ya mraba. Jua la saa sita mchana, mbingu haina wingu hata moja, linashusha wati kama 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Kwa hiyo paneli yako, ikijitahidi, ni wati 130 na kitu. Hata uipeleke jangwani haifiki 300. Ile 300W ni stika, na stika inachapishwa popote penye printa. Ndiyo maana futikamba haikosekani mezani kwangu: sola naipima kama kitambaa.

Betri imekuja kilo 27. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 100, dukani tunasema ampea tu, huwa na kilo 28 hadi 30, ya 200 inakaribia 60, watu wawili wanaibeba wakihema. Yako basi ni ampea 90, tukiihurumia. Inveta nayo, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuchomekea tivii, ili itoe wati 3,000 kutoka volti 12, inatakiwa ivute ampea 250. Waya za kubeba mzigo huo ni nene kama kidole gumba. Zako, umeandika mwenyewe, ni kama penseli.

Sasa tuje kwenye pasi. Betri yako ikijaa, hizo ampea-saa 90 mara volti 12, ina wati-saa kama 1,080, na betri ya namna hii ukitaka idumu usile zaidi ya nusu yake. Unabaki na 540. Pasi ya wati 1,000, nusu saa ya mashati ya shule, imeondoka na 500. Halafu ndipo mnawasha tivii. Inveta ikilia saa mbili na nusu haijaharibika, inakulilia hali.

Ondoa pasi uone. Tivii ya inchi 32 wati 50, king'amuzi 15, taa nne za wati 7 ni 28. Ongeza kinachopotea kwenye inveta, tuseme 110. Kwa 540 unakaa karibu saa tano: kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka karibu saa tano usiku, taarifa ya habari umeona na tamthilia ya mama imeisha. Pasi ya mkaa ipo, na kwa baridi yenu hata kuishika tu ni faida.

Muuzaji hajadanganya yote. Mawingu ya Rungwe ni ya kweli, mvua yenu si ya kawaida. Siku ya jua zuri paneli hiyo itakupa wati-saa 400 hadi 450. Siku ya ukungu, robo yake, pengine chini ya hapo. Lakini mtu anayeuza sola Tukuyu anajua hali ya hewa ya Tukuyu, hiyo hesabu alipaswa kuipiga kabla ya kupokea hela.

Halafu kuna mawili umeyataja kwa bahati tu, mwishoni mwa barua, na mimi ndiyo yaliyonifanya niweke kikombe chini. La kwanza, paneli umeifunga bati la mbele, linalotazama barabara, upande wa kusini. Najua kwa nini, na wewe unajua kwa nini. Huko kwenu mko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na sehemu kubwa ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini. Ihamishie bati la nyuma, ilaze kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe. Barabara haitaiona, jua litaiona.

La pili, "saa tisa jani la mgomba wa jirani linagusa kona." Mwalimu! Vile vipande vyeusi ndani ya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi. Umeme unapita kwenye vyote. Kimoja kikiwekewa kivuli ni kama umekanyaga mpira wa maji: haijalishi mahali pengine umenyooka vipi. Jani moja linaweza kukunyang'anya theluthi ya paneli au zaidi. Nenda kwa jirani na maneno mazuri, omba kukata jani, usiombe kukata mgomba. Kwenu mgomba unaheshimiwa kuliko mwalimu.

Ukipata hela nyingine nunua paneli ya pili, usiguse betri kwanza. Na kuhusu kumrudia muuzaji: nilikuuliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ukasema ulipewa karatasi ya daftari yenye neno "sola" na sahihi. Ungekuwa na risiti yenye jina la bidhaa na wati zake, ungekuwa na cha kupeleka Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Kwa karatasi hiyo utaanza kwa kubishana kama ulinunua au hukununua.

*"Fundi nisaidie haraka. Nilinunua memori kadi ya 1TB kwa 15,000, nikarekodia harusi ya dada yangu Mafinga. Video za kanisani zinafunguka, za ukumbini majina yapo lakini hazifunguki. Dada analia."*
Mpiga picha chipukizi, Mufindi

Kwanza toa kadi kwenye kamera, usirekodi chochote juu yake. Nakili zinazofunguka kwenye kompyuta leo hii.

Za ukumbini sitakudanganya. Kadi hiyo ndani yake pengine ni GB 32, ila ile akili yake ndogo imefundishwa kuiambia kamera kwamba ni 1TB, yaani GB elfu moja. Ikijaa haisemi imejaa. Inaendelea kupokea majina ya video huku video zenyewe zinamwagwa, au zinaandikwa juu ya nyingine. Kanisa lilipata nafasi, ukumbi ukakuta watu wamekaa hadi mlangoni. Kilichomwagwa hakina programu ya kukizoa.

Wewe ndiye utakayepita nyumba kwa nyumba kuomba video za waalikwa. Harusi za siku hizi hakosekani shangazi aliyerekodi keki mwanzo mwisho kwa simu. Na kadi inayofuata, kabla hujaibebea harusi ya mtu, ijaze yote kisha usome ulichojaza. Kuna programu za bure kwa kazi hiyo, H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux. Huna kompyuta, nakili filamu moja mara nyingi mpaka kadi ijae, kisha zifungue zile za mwisho.

*"Kamwene fundi. Ni mama wa kuku, Njombe mjini. Hela ya viazi ya msimu mzima, 750,000, nilinunua mashine ya kutotolesha mayai 176, imeandikwa otomatiki. Mara ya kwanza niliweka mayai 160, wakatoka vifaranga 11, tena siku ya 23, wengine miguu imelegea. Mara ya pili, Julai, hakutoka hata mmoja. Kuku wangu wa kienyeji aliatamia mayai 12 chini ya meza jikoni akatoa 10. Jirani anapita kila siku kuuliza mashine inaendeleaje. Niiuze?"*
Mama wa kuku, Njombe

Kamwene mama, na pole. Jirani wa namna hiyo tunaye kila mtaa.

Usiiuze kwanza. Jibu umeniandikia mwenyewe bila kujua: siku ya 23. Yai la kuku ni siku 21. Vifaranga wakiwahi, siku ya 19 au 20, joto lilizidi. Wakichelewa na wakatoka dhaifu, joto lilipungua. Wewe unaona kwenye kioo 37.7, lakini mayai hayajui kusoma kioo. Kihisi joto cha mashine nyingi za bei hiyo kimening'inia juu, karibu na feni na waya wa moto, na mayai yako chini.

Hapa ndipo kipimajoto cha homa kinapofanya kazi. Nenda duka la dawa, nunua kile cha kidijitali. Kimetengenezwa kupima karibu na 37, kwa hiyo pale mayai yanapokaa ndipo kinapojua zaidi. Kilaze katikati ya mayai, funga mashine, subiri dakika tano, kisome. Kizime, kiwashe, rudia mara mbili tatu mpaka namba isimame. Kikiandika "Lo" maana yake hakujafika hata 32. Pima pembe zote nne na katikati. Mashine yenye feni kama yako inatakiwa 37.5 hadi 37.7 pale kwenye yai. Ukikuta 36 na kitu, umeshampata mwizi, na kwenye mashine nyingi kuna mahali pa kurekebisha hiyo tofauti kwa vitufe.

Halafu chumba. Umesema iko stoo, sakafu ya saruji, chini ya dirisha. Mama, Julai ya Njombe! Usiku wa huko maji ya ndoo unayaogopa kuyagusa asubuhi. Mashine ya plastiki nyembamba inapasha joto usiku kucha kama mtu anayemwaga maji kwenye gunia. Ihamishie chumba cha ndani, iweke juu ya ubao, mbali na dirisha. Unaweza kuifunika blanketi pembeni, ila matundu ya hewa usiyazibe, kifaranga anapumua kupitia ganda.

Umeme ukikatika usifungue mfuniko kuangalia. Funika mashine, ukiweza zungushia chupa za maji ya moto. Saa moja mbili mayai yanavumilia. Na angalia nyuma ya mashine: nyingi zina tundu la volti 12 la kuunganisha betri, na wenye nazo hawajui mpaka siku wanayoiuza.

Mengine kwa haraka, maana pengine unayajua. Mayai yasizidi siku saba tangu kutagwa, usiyaoshe, na kama yamekuja kwa bodaboda yapumzike siku nzima ncha butu ikiwa juu. Siku ya saba zima taa umulike kila yai kwa tochi: lenye mishipa kama buibui liko hai, lililo jeupe tupu halikuwa na jogoo, na hilo usiilaumu mashine. Unyevu 50 hadi 55 kwa siku 18, kisha acha kugeuza mayai, pandisha unyevu mpaka 65 au 70, na usifungue tena mpaka waanguliwe. Hata jirani akija na biskuti.

Lakini jambo ninalotaka ulifanye kabla ya yote ni hili. Yule kuku wa chini ya meza usimwonee wivu, mpe ajira. Akianza kuatamia, chukua mayai 32 ya kundi moja, ya siku zilezile. Mpe yeye 12, weka 20 kwenye mashine, siku moja. Yeye akitoa 10 na mashine ikatoa mawili, tumejua mayai ni mazima na ugomvi ni wa joto. Wote wawili wakikosa, twende tukamtazame jogoo. Kosa lako la kweli lilikuwa kuweka mayai 160 siku ya kwanza kwenye mashine usiyoijua tabia. Niandikie matokeo, nitayachapa hapa, na jirani atayasoma.

*"Friji nilinunua mnadani kwa mgeni anayerudi kwao Marekani. Plagi ilikuwa ya bapa mbili, nikaikata nikafunga ya kwetu. Ilitoa moshi dakika ileile. Inatengenezeka?"*
Mzee wa mpunga, Kyela

Shikamoo mzee wangu. Kwao umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Ile plagi ya bapa ilikuwa mlinzi wa getini, wewe ukamkata kichwa. Kompresa imekwenda, na mpya inayolingana nayo itakula bei ya friji nyingine. Lifanye kabati la unga, panya hawataingia.

Watoto wako wakileta vitu vya huko, soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, kama chaja nyingi za simu na laptopu, chomeka bila hofu. Kikiandikwa 120V peke yake, usikiguse bila transfoma ya kushushia, na vyenye mota viache kabisa, maana hata mzunguko wa umeme wao ni hezi 60 na wetu ni 50.

*"Nina steshenari Kihesa. Nilipata printa ya rangi kwa 150,000 nikashangilia. Katriji yake ni 45,000. Mbona sioni faida?"*
Steshenari, Iringa

Nilikuuliza katriji moja inatoa kurasa ngapi, ukahesabu, zikawa 180. Gawanya: shilingi 250 kwa ukurasa, bila karatasi. Wanafunzi unawatoza 100. Kila anayekuja unamlipa 150 aondoke na notsi zake. Ndiyo maana foleni haiishi.

Printa za namna hiyo ni za nyumbani, za mtu anayechapa barua mbili kwa mwezi. Faida ya mwenye kiwanda iko kwenye wino. Kwa duka tafuta ya leza, au ile yenye matangi ya kumimina wino wa chupa. Ghali mwanzoni, na kabla hujaiulizia bei yenyewe, uliza bei ya wino wake na kurasa unazotoa.

*"Shikamoo fundi. Nasoma chuo Iringa. Nilinunua iPhone ya mtumba kwa kaka mmoja Miyomboni, 380,000, ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Nilipofuta vitu nianze upya ikadai akaunti na nywila ya mtu nisiyemjua. Kaka hapokei simu. Unaweza kuifungua? Na wewe fundi, hujawahi kupigwa?"*
Mwanafunzi, Iringa

Marahaba mdogo wangu. Siwezi, na ningeweza nisingefanya. Kufuli hiyo haimo ndani ya simu tu, imeandikwa kwa mtengenezaji, kwa hiyo hata ufute mara mia simu ikiingia mtandaoni inamuuliza mwenyewe. Wanaobandika "tunafungua zote" ukutani watachukua elfu hamsini yako nyingine. Na kuna uwezekano mkubwa mahali fulani kuna mtu anaililia simu hiyo.

Nenda polisi. Ulilipa kwa simu, meseji ya muamala unayo, na laini siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole. Kaka anayo anwani kuliko anavyodhani. Siku nyingine, muuzaji afute simu mbele yako, aiwashe mpaka ifike mwanzo kabisa bila kudai nywila ya mtu, ndipo mkono uingie mfukoni. Piga na *#06#, zile namba 15 zitakazotokea, ndizo kitambulisho cha simu (IMEI), zitume kwa meseji kwenda 15090 uone jibu linalorudi linalingana na simu uliyoshika.

Hiyo *#06# ndiyo inayonipeleka kwenye swali lako la pili.

Machi 2016 nilikwenda Tunduma nikarudi na katoni moja. Simu 18, zinafanana kabisa na za kampuni inayojulikana, 35,000 kila moja. Wakati huo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilikuwa imetangaza kwa miezi kwamba simu bandia zitazimwa. Msidhani sikusikia. Kazi yangu ilikuwa redio. Kuna siku tangazo lilitoka nikiwa nimewasha redio nne mezani, nikalisikia mara nne kwa mpigo. Na wateja niliwaambia wapige *#06#. Katoni yangu sikuipigia, maana nilishalipa 630,000, na mtu aliyeshalipa hapendi habari mpya.

Nikauza tano. Usiku wa tarehe 16 Juni zikazimwa. Ijumaa asubuhi nilipofika kibandani nilimkuta mama mmoja anayeuza vitunguu, amesimama na kanga yake kwa baridi. Hakunisalimia. Aliiweka simu mezani, akairudishia nyuma kwa kidole mpaka ikafika upande wangu, akasubiri. Nikampa 50,000 yake. Wengine wanne walikuja kabla ya saa nne, na wao walisema maneno.

Jioni nilifunga mlango nikapiga *#06# kwenye zote 18. Kumi na moja zilikuwa na namba ileile moja. Saba zilikuwa na sifuri tupu, mstari mzima.

Nyingi nimezichinja kwa miaka hii: spika, mota za mtetemo, vioo. Moja nimeibakiza nzima. Ina gramu 84. Asubuhi nikifungua kibanda naiweka kwanza kwenye mzani. Ikisoma 84, naanza kupokea wateja.